Giza la Saa Moja

Ombi la giza lilikaa miaka mitatu bila majibu, na jibu lilipofika lilikuwa na mstari mmoja tu. Kijiji cha Lukwambe kinaruhusiwa kuzima Nyongeza, mwanga wake wa usiku, kwa hiari ya kila mwenye shamba bondeni, kwa muda ambao wenyewe watakubaliana. Enelia Chaula aliusoma mstari huo akiwa amesimama, akakaa, akausoma tena kwa sauti.

Kukubaliana ndiko kulikokuwa na kazi. Enelia alitaka usiku mzima, akaomba saa tatu, akapewa saa moja. Hata hiyo moja walimpa kwa sababu alikuwa mtunza kioo wao kwa miaka kumi na tisa, na mtu anayekuwashia mwanga muda wote huo huoni vibaya kumpa kitu kidogo anachokililia. Wenye mashamba ya bondeni, ishirini na watatu kwa idadi, walitia sahihi mmoja mmoja. Wengine walitia huku wanacheka. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja anaomba giza, na giza hata kuku hulikimbia.

Basi jioni ile ya katikati ya mwezi wa saba, usiku usio na mwezi, kijiji kizima kikajikusanya kwenye uwanja wa shule. Watu walikuwa kama mia tatu, wamevaa masweta na kofia za sufu, wamebeba watoto na mablanketi. Nyongeza ilikuwa inawaka juu yao kama kawaida, mwanga wa rangi ya chai iliyozidishwa maji, usio na joto la kuota lakini unaotosha kumwona mtu usoni na kumkumbuka jina. Katikati ya uwanja ilisimama darubini ya Enelia, bomba refu la bati juu ya kigoda cha mninga, na watu wakaizunguka wakiigusagusa.

"Hii ndiyo umeitengeneza miezi yote ile?" aliuliza Mwenyekiti Tweve, mwanaume mnene aliyependa mambo yaishe mapema.

"Kioo chake tu kilichukua miezi kumi na minne. Nilikisugua kwa mchanga, halafu kwa lami."

"Na ukiangalia unaona nini?"

"Mpaka leo, mwezi. Na mnara wa simu wa kijiji cha pili."

Watu wakacheka, na Enelia akacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli tupu.

Miaka thelathini na tisa kabla ya jioni hiyo, nyanda hizi za juu zilikuwa mahali pa kuogopwa wakati wa kipupwe. Jalidi ilishuka alfajiri, ikalala mabondeni nyeupe kama unga, na jua likichomoza mimea ilikuwa imeshakuwa myeusi myeusi, imeungua kwa baridi. Hakuna aliyethubutu kuwa na viazi vinyunguni, yaani kwenye zile bustani za bondeni penye maji, mwezi wa saba. Halafu kikaja kioo, na Nyongeza yake. Ukisema kioo unasema kimoja, ila vilikuwa vipande elfu na mia sita, kila kimoja kipana kama uwanja wa mpira na chembamba kuliko karatasi ya sabuni, vimesambazwa huko juu ambako jua halizami. Vililidaka jua lililokuwa likiwaka upande wa pili wa dunia na kulitupia bondeni usiku kucha. Joto lake halikuzidi lile la ng'ombe aliyelala karibu nawe, lakini lilitosha. Jalidi haikuanguka tena. Lukwambe ikala viazi mwaka mzima, na watoto wakakoma kufa kwa vifua.

Ila anga likafungwa. Lilibaki na mwezi, na Zuhura, na vinyota vinne vitano vikaidi. Kwa hiyo Enelia, aliyekuwa na miaka miwili kioo kilipowashwa, alikuwa mtazama nyota asiyewahi kuona nyota. Hakuwa peke yake. Walikuwa tisa nchi nzima, wote wanaishi chini ya Nyongeza za kwao, wanapigiana simu Jumapili na kubishana kuhusu vitu ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyevitia machoni. Walijua Nge amekaaje, walijua Salibu, ule msalaba wa kusini, inaegemea wapi mwezi gani, yote kwa kusoma. Mtu akipita akawasikia angedhani wanazungumzia ndugu zao walio Ulaya.

Lililomwingiza Enelia katika uwazimu huo lilikuwa neno moja. Lukwambe wana siku yao ya kuanza kulima kwa pamoja, siku ya majembe, ulanzi na makelele, na siku hiyo wanaiita kilimia. "Kesho kutwa ni kilimia, jembe lako lina mpini?" Enelia alilitumia neno hilo tangu utotoni bila kulifikiria, mpaka alipokuwa na miaka ishirini na mbili, Bibi Sekela, kikongwe wa kijijini, alipomwambia, tena kwa kugusia tu akichambua maharage, kwamba zamani kilimia haikuwa siku. Kilikuwa kitu. Vijinyota vilivyojikunyata pamoja, vikitokea nyuma ya kilima alfajiri watu walijua ni wakati wa kutengeneza majembe. Enelia alikwenda nyumbani akatoka nje usiku, akaangalia kilima cha Ndiwili chini ya ule mwanga wa chai, na hakukuwa na kitu. Alilia siku hiyo, na hakuweza kumweleza mtu analia nini.

Tatizo ni kwamba mwezi wa saba Kilimia hutokea saa tisa za usiku, na kijiji kilikuwa kimempa saa moja ya mapema, watoto wakiwa macho. Alijua hivyo wakati anakubali. Alijiambia kwamba atakayoyaona yanatosha, na Kilimia atakiacha hivyo hivyo.

Mwenyekiti alimpa ishara. Enelia akageukia ukuta wa kituo cha kioo, kando ya uwanja, mahali ilipokuwa spika ya ile mashine inayoongoza kioo. Watu waliiita Karani, kwa sababu ilifanya ulichosema na haikuongeza neno.

"Karani."

"Nakusikiliza, Mama Chaula."

"Geuza kioo. Giza lianze saa mbili usiku. Saa moja."

"Giza, saa mbili usiku, saa moja. Nimepokea."

Watu mia tatu walisikia maneno hayo, na hakuna hata mmoja aliyeona kasoro.

*

Giza lilikuja kutoka magharibi. Kwanza vilima vya mbali vilizimika, halafu mahindi ya mlimani, halafu paa la kanisa, na mstari wa kivuli ukateremka bondeni taratibu mpaka ukawafikia miguuni. Mtoto mmoja alipiga yowe. Mtu akasema, "Shikaneni mikono," na sauti yake ilitetemeka ingawa alikuwa ndiye mlinzi wa shule. Enelia aliangalia viganja vyake, akaviona, kisha hakuviona.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Macho ya wengi hayakuwahi kufanya kazi hiyo, yalihitaji kufundishwa. Watu walianza kunong'ona kwamba hivi ndivyo, ni weusi tu. Kisha mwanamke mmoja upande wa choo cha shule akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, angalieni juu."

Enelia aliinua kichwa. Akakaa chini kwenye nyasi zenye umande.

Alikuwa amesoma kwamba ni nyingi. Alizijua hesabu. Lakini kusoma kwamba ni nyingi ni kitu kimoja, na kuwa chini yake ni kitu kingine kabisa. Zilijaa mpaka pembeni, mpaka kwenye migongo ya vilima, zikiwa na rangi, nyingine za bluu, nyingine za manjano, na moja nyekundu katikati kabisa ya anga ambayo aliitambua kabla hajafikiri: Kalbi Akarabu, moyo wa Nge. Na Nge mwenyewe alikuwa pale, mzima, na mkia wake umepinda. Ilikuwa kama kumkuta mtu ambaye umemwandikia barua maisha yako yote amekaa jikoni kwako. Kutoka Salibu kusini mpaka mashariki ulipita ule mkanda mpana wa vumbi linalong'aa ambao vitabuni wanauita Njia Nyeupe, na haukuwa mweupe. Ulikuwa na mashimo na mapengo na mikunjo, ulikuwa na kina. Enelia alihisi kwa mara ya kwanza kwamba haangalii juu bali anaangalia ndani, na kwamba yeye na shule na bonde lote wamening'inia. Akashika nyasi kwa mikono miwili.

Mia tatu wa Lukwambe, watu wanaoongea hata kanisani, walinyamaza kimya. Hata watoto waliacha kulia. Baba mmoja alikuwa amemwinua mwanawe juu ya kichwa, amemshikilia hivyo, kana kwamba ile hatua moja ya urefu ingemsogeza.

"Zilikuwa hivi hivi?" hatimaye Enelia alimwuliza Bibi Sekela, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kilichobebwa kutoka kwake.

"Zilikuwepo," alisema bibi. "Sisi hatukuziangalia sana. Nani aangalie juu na njia ina mashimo?" Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mwanangu, nilisahau. Nilisahau kwamba ni hivi." Na Enelia akasikia kwamba bibi analia.

Walipanga foleni kwenye darubini, wakipapasana gizani. Enelia aliielekeza kwa Zohali, akawaonyesha mmoja baada ya mwingine lile duara dogo na pete yake. Fundi baiskeli aliangalia mbele ya bomba kuona kama kuna picha imebandikwa. Mwenyekiti Tweve aliangalia mara mbili, akaenda kukaa peke yake.

*

Saa tatu ilipita. Enelia aliona kwenye saa yake ya mkononi, akaangalia magharibi kusubiri mstari wa mwanga. Haukuja. Saa tatu na robo haukuja. Watu waligundua, na mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, wakidhani mtunza kioo wao amewaibia kidogo cha ziada. Enelia aliwaacha wakipiga makofi akaingia kituoni na kufunga mlango.

"Karani, kioo kiko wapi?"

"Kimegeuzwa, Mama Chaula, kama ulivyoagiza. Kitarudi saa moja asubuhi."

"Saa moja asubuhi?"

"Uliagiza giza, saa mbili usiku, saa moja. Baada ya saa mbili usiku, saa moja inayofuata ni ya asubuhi."

Enelia alishika kichwa. Karani alikuwa na haki yake. Katika lugha yetu saa moja ni muda wa kupika makande, na saa moja hiyo hiyo ni wakati watoto wanapokwenda shule, na sisi hatukosei kamwe kwa sababu tunaangaliana usoni. Karani hakuwa na uso wa mtu wa kuangalia. Alikuwa amesikia maneno matupu, akayatii.

"Bondeni kuna joto gani?"

"Nyuzi nne, linashuka. Jalidi itaanza kuanguka kwenye vinyungu saa nane usiku. Kioo kinahitaji dakika themanini kurudi, na udongo unahitaji muda kupata joto. Kikiitwa kabla ya saa tano, mimea haitaungua. Nikiite?"

Mdomo wa Enelia ulifunguka kusema ndiyo. Haukusema.

Saa tisa. Ndilo lililomjia. Kama angetoka nje akanyamaza, akaendelea kuonyesha watu Zohali mpaka wachoke waende kulala, giza lingebaki. Saa tisa angekaa peke yake kwenye uwanja huu na Kilimia kingetoka nyuma ya Ndiwili, chenyewe. Na asubuhi nani angemlaumu? Watu mia tatu walisikia alichoagiza, na alichoagiza kilikuwa sahihi. Wangelilaani lile sanduku la ukutani. Mamlaka ya Nyongeza ingemtuma fundi. Yeye angehuzunika pamoja na wengine, na huzuni yake ingekuwa ya kweli.

"Mama Chaula, nikiite?"

"Subiri."

Alisimama pale gizani, na aliona aibu jinsi alivyosimama muda mrefu. Alijaribu kuvifikiria viazi, akashindwa. Alichokiona ni kilima tu na kile kitu kinachotokea nyuma yake. Mwishowe kilichomtoa hakikuwa wema mkubwa. Zilikuwa zile sahihi. Alikumbuka jinsi walivyozitia, na vicheko vyao, na mmoja aliyeuliza, "Saa moja tu, dada Enelia?" naye akajibu, "Saa moja tu."

Alifungua mlango.

*

Alipanda kwenye ngazi ya darasa la kwanza akaeleza yote. Alieleza kosa la saa, akaeleza jalidi, akaeleza kwamba kuna dakika sitini na tano za kuamua. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameanza kusema kweli na kweli haina breki, akasema pia kwamba alikaa ndani akifikiria kuwaficha.

Gizani watu walipokea maneno hayo bila sura. Palikuwa na mguno. Kisha sauti nzito ya Mwenyekiti Tweve ikatoka pale alipokuwa amekaa peke yake.

"Mimi nina vinyungu vinne," alisema. "Viazi vimeshatoa maua. Kwangu acha giza."

"Mwenyekiti, vitaungua vyote."

"Nimekusikia. Nina miaka arobaini, dada, sijawahi kuona kitu. Leo ndiyo nimeona. Acha."

Hapo pakawaka maneno. Mmoja alisema mahindi ya mlimani yatawafikisha. Mwingine akasema tuwashe moto wa moshi bondeni, jalidi huogopa moshi, na mwingine akamjibu kwamba moshi utafunika nyota, sasa tutakuwa tumefanya nini. Enelia alisikiliza. Hakuwa amewaomba. Alikuwa amekwenda kuwaambia tu, na sasa walikuwa wanampa.

"Tupige kura yaishe," alisema Mwenyekiti. "Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono haikuonekana. Watu wakacheka, kicheko cha wasiwasi.

"Semeni majina," alisema Enelia. "Wenye mashamba bondeni tu. Kila mtu aseme jina lake na neno lake."

Na majina yakaanza kutoka gizani. Yohabu Mbwilo, acha. Tusekile Sanga, acha. Fundi baiskeli, acha, na mke wangu ameniminya mkono, naye anasema acha. Sauti za wanaume na wanawake, nyingine zenye mafua, zikitoka pembe zote za uwanja chini ya anga lile, na kila sauti ilikuwa inatoa chakula cha mwaka. Enelia alihesabu kwa vidole. Ishirini na wawili.

"Mama Lutengano," alisema. "Upo?"

"Nipo." Sauti ilitoka karibu, karibu kuliko alivyodhani.

"Sema neno lako."

"Siachi."

Watu waligeukia sauti ilikotoka.

"Nina watoto watatu na vinyungu viwili," alisema Mama Lutengano. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitatu, mumewe alikwenda kufanya kazi mjini akasahau njia ya kurudi. "Ninyi mna mahindi mlimani. Mimi mlimani sina hata hatua moja. Nyota hizi ni nzuri, sitawadanganya, tangu nizaliwe sijaona kitu kama hiki. Lakini siachi."

"Tutakuchangia, mama," mtu alisema.

"Mtanichangia mwezi wa nane na wa tisa. Mwezi wa kumi mtanipita njiani mnaangalia pembeni. Siwasemi vibaya, ndivyo tulivyo. Na mimi nimewahi kupita."

Kila mmoja alikumbuka mara aliyopita njiani akiangalia pembeni.

"Ni mmoja kwa ishirini na wawili," Mwenyekiti alimgeukia Enelia, au aligeukia pale alipodhani yupo. "Dada, wewe ndiye mwenye sauti ya Karani. Ukinyamaza tu, imekwisha."

Enelia alimchukia Mama Lutengano wakati ule. Lazima isemwe, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema baadaye. Alimchukia kwa moyo wote, kwa muda wa pumzi tatu au nne, kama unavyomchukia mtu aliyekuamsha kwenye ndoto. Juu ya paa la shule moyo wa Nge ulikuwa unawaka, na Njia Nyeupe ilikuwa imesimama wima, nzuri kupita kiasi, haina habari na mtu.

"Kibali kilisema kila mwenye shamba," alisema. "Hakikusema wengi."

Akageukia ukuta.

"Karani. Rudisha kioo sasa hivi."

"Sasa hivi. Nimepokea. Dakika themanini."

*

Watu wengine walikwenda zao bila kuaga. Wengine walilala chali kwenye mablanketi ili wasipoteze hata kidogo cha kilichobaki. Kuna aliyesema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mtu mmoja amekinyima kijiji kizima, na Mama Lutengano akamsikia. Alikaa pale alipokuwa, na watoto wake watatu wamemwegemea.

Enelia alirudi kwenye darubini. Akailenga tena kwa Zohali. Baada ya muda alisikia nyayo.

"Kamwene, dada," alisalimia Mama Lutengano.

"Kamwene."

"Kama umenikasirikia nitaangalia siku nyingine."

"Siku nyingine ipi?" alisema Enelia, na hasira yake ikamchekesha mwenyewe. "Njoo. Fumba jicho moja. Usishike bomba."

Mama Lutengano aliinama. Enelia alisubiri aseme kitu, kwa sababu wote walisema kitu. Huyu hakusema. Alikaa amejikunja hivyo mpaka mgongo ungemuuma mtu yeyote, na Zohali iliposogea na kutoka kwenye kioo, Enelia aliirudisha taratibu bila kumwondoa. Mara nne aliirudisha. Mtoto mdogo akauliza, "Mama, kuna nini?" na mama yake akasema, "Subiri, mwanangu. Kuna kitu kimetulia sana."

Alipoinuka alijifuta uso kwa kanga.

"Na hicho Kilimia unachokililia kiko wapi?"

"Hakijatoka. Kinatokea kule." Enelia alimshika mkono, akauelekeza kaskazini-mashariki, kwenye bega la Ndiwili. "Saa tisa."

"Na ndicho kile cha majembe?"

"Ndicho."

"Nimelima kilimia mara kumi na tano," alisema Mama Lutengano polepole. "Sikujua nalima kwa ajili ya kitu."

Mwanga ulianza magharibi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Uliinuka nyuma ya vilima kama maziwa yanayochemka, ukapanda, na nyota zikaondoka mbele yake, ndogo kwanza, halafu zile za rangi. Salibu ilikwenda. Njia Nyeupe ikamomonyoka kutoka chini kwenda juu. Moyo wa Nge ulikaidi, ukakaidi, ukawa doa, kisha Enelia hakuwa na uhakika kama anauona au anaukumbuka. Nyuso zikarudi. Watu waliangaliana wakiwa na macho mekundu na majani kichwani, wakaona haya kidogo, wakaanza kukunja mablanketi. Bondeni viazi vilisimama na maua yake meupe, vizima, na hewa ikaanza kupata joto.

Mama Lutengano hakuwa ameondoka. Alikuwa anaangalia bega la Ndiwili, ambako sasa palikuwa na anga la rangi ya chai tu.

"Ombi linaandikwaje?" aliuliza.

"Ombi gani?"

"La giza."

Enelia alimwangalia. "Linaandikwa kwa jina la mtu mmoja. Halafu wenye mashamba wanatia sahihi."

"Mwakani nitapanda mapema. Mwezi wa sita viazi vyangu vitakuwa ndani, vyote, hata kimoja hakitabaki ardhini. Nitawaambia na wengine wapande mapema, na nitawafuata nyumba kwa nyumba, wananijua." Alimweka mtoto mdogo mgongoni, akafunga kanga kifuani kwa nguvu. "Una karatasi?"

Enelia alikuwa nayo, ile aliyochorea ramani ya Nge. Akaigeuza nyuma, akaiweka juu ya bomba la darubini. Mwanga ulikuwa umekwisha kurudi wote, ungeweza kusoma nao hata maandishi madogo.

"Niandike muda gani?"

"Usiku mzima," alisema Mama Lutengano. "Andika kwa jina langu."